Kwa nini simu ya mtoto wa Nakuru inamsemea kwa Kiingereza?

Wiki hii naweka kando habari za seva na hifadhidata, ingawa mtaona zinarudi kabla sijamaliza. Kuna swali nimeulizwa na wazazi watatu hapa Nakuru, mmoja wa Bahati, mwingine wa Njoro, wa tatu wa Kaptembwo. Wote wana watoto wenye usonji ambao hawaongei au wanaongea maneno machache sana. Wote wamewahi kuwekewa kwenye simu programu ya picha: mtoto anagusa picha, simu inatamka neno. Na wote wanauliza jambo moja. Kwa nini simu inatamka Kiingereza, wakati nyumbani anayeongea Kiingereza ni televisheni peke yake?

Jibu fupi ni kwamba walioiandika ni Wazungu. Jibu refu ni historia ya miaka themanini na zaidi, na ndilo linalonivutia, kwa sababu ndani yake kuna watu wengi walioamua, bila nia mbaya, ni nani mtoto huyu anapaswa kuongea naye.

Tuanze na jina. Kiswahili kina maneno mawili yanayogombania nafasi, usonji na tawahudi. La pili limetoka Kiarabuni na lina mzizi uleule wa wahedi na tauhidi, yaani umoja, kuwa peke yako. Neno la Kizungu nalo limejengwa juu ya autos ya Kigiriki, "mwenyewe". Aliyelianzisha ni daktari Mswisi Eugen Bleuler mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuwa akizungumzia watoto hata kidogo. Alikuwa akieleza wagonjwa wake wazima wa skizofrenia waliojifungia ndani ya mawazo yao. Kwa hiyo kabla hujamwona mtoto mwenyewe, jina limeshakuambia kwamba yuko peke yake na ameridhika hivyo. Jina likikosea hivyo, kazi yote inayofuata inaanza kwa kuchechemea.

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto huko Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Kati yao 8 walikuwa wakiongea. Hapo ndipo pananishangaza kila nikirudi kwake: wengi wao waliongea, lakini Kanner aliona kwamba maneno yao hayakuwa ya kuwasiliana na mtu. Walirudia sentensi walizosikia, kama mwangwi. Mtoto aliyeulizwa kama anataka maziwa angeomba maziwa baadaye kwa swali lilelile, akisema "unataka" akimaanisha "nataka".

Kwetu jambo hili linakaa kwenye silabi moja. U- badala ya ni-. Mtoto anakuja jikoni anasema, "Unataka chai?" na mama anajibu, "Hapana, nimeshakunywa," na mtoto anaanza kulia. Nimeliona kwa macho yangu. Yeye ameomba chai kwa sentensi ambayo kila ikisemwa chai huja. Ukiifikiria kama mhandisi ina mantiki kabisa.

Ilichukua karibu miaka arobaini kabla wataalamu hawajaanza kuusikiliza mwangwi kwa makini. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walichapisha uchunguzi wa watoto waliorudia maneno, wakaonyesha kwamba marudio yale yana kazi: kukubali, kuomba, kungoja zamu, kujituliza. Hapa mjini ninamfahamu kijana ambaye neno lake la kutaka kutoka nje ni "Beba! Beba!" kwa sauti ileile ya makanga pale stendi. Shuleni iliandikwa kwamba anarudia maneno bila maana. Bila maana! Kila abiria wa Bonde la Ufa anajua makanga akisema beba, gari linaondoka.

Nisiwaache na Kanner bila kumtaja mtoto wake wa kwanza kwenye orodha, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alifanya kazi katika benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Alikuwa na tabia ya kuwapa watu namba, na watu wa mji walijua namba zao na kuzikumbuka. Ni kweli familia yake ilikuwa na pesa, na benki hiyo ilikuwa ya jamaa zao, kwa hiyo msikimbilie kuona Forest kama pepo. Lakini mji ulijifunza lugha yake kwa kiasi fulani, na yeye lugha yao.

Sasa Afrika. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara yake katika miji 9 ya nchi 6 za bara hili, Kenya ikiwemo. Huyu ndiye aliyewahi kuhesabu watoto wa Middlesex, Uingereza, na mwaka 1966 akatoa ile hesabu maarufu ya 4.5 kwa kila 10,000. Huku aliangalia watoto zaidi ya 1,300 waliokuwa kwenye taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Aliowaona kuwa na usonji kamili ni 9. Kwa miaka mingi namba hiyo ilisomwa kana kwamba usonji ni jambo adimu kwa Mwafrika, ugonjwa wa wenye nyumba kubwa.

Lakini angalia alikotafuta. Kwenye taasisi, mijini. Mtoto wa kibarua wa shamba la ngano Njoro, au wa mfugaji juu kule Eldama Ravine, hakuwa kwenye taasisi yoyote. Alikuwa nyumbani akichunga mbuzi kama aliweza, au amefungiwa ndani kama wazazi waliogopa barabara na maneno ya majirani. Anayefanya kazi na data anaijua hali hii: unahesabu kilichopo kwenye jedwali, halafu mtu anasoma jibu kana kwamba jedwali ni dunia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti ya Nakuru. Gawanya, unapata kama 17,000. Hiyo ni hesabu yangu ya kikokotoo na haina uzito zaidi ya hapo, lakini ni watu wa kujaza uwanja wa Afraha.

Tuje kwenye lugha, kwa sababu hapa Nakuru ina habari yake ya pekee. Reli ilifika hapa mwaka 1900. Ikafuata ardhi kugawiwa masetla, na masetla wakahitaji mikono ya kufanya kazi. Wakaja Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakisii, juu ya Wakalenjin na Wamaasai ambao nchi ilikuwa yao; Wahindi wakafungua maduka. Baada ya uhuru mwaka 1963 mashamba mengi yakakatwa kwa ajili ya makazi mapya na watu wakaongezeka tena. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi kwa lugha ya kabila moja. Kiswahili kikawa cha soko, cha matatu, cha kanisani, cha watoto wanaocheza pamoja kwenye ploti. Mtoto wa Kaptembwo ana lugha ya shosho au gogo wake, ana Kiswahili cha mtaa, na ana Kiingereza kinachomngoja shuleni. Tatu, kabla hajang'oa jino.

Kiingereza hicho kilisogezwa hadi darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa mpango ulioanzia shule za Nairobi, na tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaupa baraka. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikarudi nyuma: madarasa ya kwanza hadi ya tatu yafundishwe kwa lugha ya eneo, na penye mchanganyiko, kama hapa mjini, Kiswahili. Kwenye karatasi hivyo ndivyo sera ilivyobaki. Mlio na watoto shuleni mnajua kinachotokea darasani, hasa shule za kulipia.

Sasa mzazi ana mtoto wa miaka mitatu asiyeongea. Anampeleka hospitali, anapelekwa kwa mtaalamu, na mtaalamu anamwambia: mnamchanganya na lugha nyingi, chagueni moja. Na kwa kuwa kadi za picha ni za Kiingereza na shule ni ya Kiingereza, moja hiyo inakuwa Kiingereza. Nimesikia habari hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla msimuliaji hajaimaliza. Mama wa Bahati alipewa ushauri huo na ofisi ambayo sitaitaja, akautii miaka miwili. Kiingereza chake ni cha darasa la nane. Aliniambia kwamba katika miaka ile aliacha kumwimbia mtoto, kwa sababu nyimbo zote anazozijua ni za Kikuyu. Na nyanya mtu, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto mama akienda kazini, aliambiwa anyamaze.

Fikirini jambo hilo. Mtoto ambaye shida yake ni kuunganika na watu, dawa yake ikawa kumpunguzia watu.

Ushauri ule hauna msingi. Mwaka 2012 Catherine Hambly na Eric Fombonne wa Montreal, Canada, walilinganisha watoto wenye usonji waliolelewa kwa lugha mbili na waliolelewa kwa moja. Wa lugha mbili hawakuwa nyuma. Tafiti nyingine zimefuata na kusema hivyohivyo. Montreal ni mji wa Kiingereza na Kifaransa, sio Nakuru, nakubali. Lakini aliyetoa ushauri wa lugha moja hakuwa na utafiti wa Nakuru pia, na mzigo wa ushahidi unapaswa kubebwa na anayemwambia nyanya anyamaze.

Upande wa serikali, mwaka 1984 Wizara ya Elimu kwa msaada wa Denmark ilianza vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vikaenea wilayani, na mwaka 1986 ikaja taasisi ya kufundisha walimu wao, KISE, huko Nairobi. Kabla ya hapo mzazi hakuwa na mlango wa kubisha. Lakini usonji haukuwa na kisanduku chake. Mtoto aliandikwa mwenye ulemavu wa akili, au alidhaniwa kiziwi kwa kuwa hageuki akiitwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 haikuutaja kwa jina. Mwaka huohuo wazazi walianzisha Autism Society of Kenya, na darasa la watoto wenye usonji likafunguliwa City Primary, Nairobi, ndani ya shule ya kawaida ya umma. Kutoka hapa hadi pale ni kama kilomita 160. Kuna mama wa Molo aliyehamia Nairobi kwa ajili ya darasa la namna hiyo, akauza ng'ombe wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kuunganishwa.

Kwenye madarasa hayo zikaja kadi za picha. Mfumo unaojulikana zaidi ulibuniwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, na una wazo moja ninaloliheshimu sana: mtoto haruhusiwi kuelekeza kidole kwenye picha na kukaa tu. Lazima aichukue, amwendee mtu, amtie mkononi. Yaani kabla hujafundishwa neno unafundishwa kwamba kuna mtu. Jambo zuri kabisa. Lakini mfumo unaanza na kuomba, kwa kuwa mtoto ana hamu ya biskuti, na walimu wengi waliopata kadi bila mafunzo ya kutosha waliishia hapohapo. Nimeona faili la mtoto lenye kadi 30, na zote ni za kuomba: chakula, choo, bembea, televisheni.

Jamani, ni nani Nakuru anaanza mazungumzo kwa kuomba? Ukiingia dukani useme "nipe mkate" bila habari yako, muuzaji atakuangalia toka juu hadi chini. Mtoto mwenye kadi za kuomba peke yake anakaa kwenye jamii kama ombaomba, halafu tunasema hana hamu ya watu.

Haya, tuje kwenye sauti, hapa ndipo pangu. Vifaa vya kumsemea mtu vilikuwepo ng'ambo tangu zamani, mashine nzito za maelfu ya dola. Mwaka 2009 ikatoka Proloquo2Go kwa iPhone, kwa dola zipatazo 150, na mwaka uliofuata iPad ikaipa skrini kubwa. Kwa mzazi wa Marekani hayo yalikuwa mapinduzi. Kwa mzazi wa huku, iPad ilikuwa kitu cha kuona kwenye picha. Kilichobadilisha mambo Kenya ni simu ndogo ya Huawei iitwayo IDEOS, iliyoletwa na Safaricom mwaka 2011 kwa takriban dola 80. Kwa mara ya kwanza kompyuta inayoweza kutamka maneno iliingia kwenye mfuko wa mtu wa kawaida.

Itamke lugha gani, basi? Watu wengi hawajui kwamba kompyuta ilikuwa imeshafundishwa Kiswahili, na hapahapa kwetu. Kati ya 2003 na 2005, Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walishirikiana na mradi wa kimataifa wa sauti za lugha ndogo, wakajenga mfumo wa kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, juu ya Festival, programu huria ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Waliuwasilisha kwenye mkutano wa Interspeech mwaka 2005. Kiswahili ni lugha ya huruma kwa kazi hii, kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa na mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho karibu kila mara. Kinachosumbua ni tarakimu. Ukiandika "watu 2" mashine iseme wawili, ukiandika "vitabu 2" iseme viwili, na mashine haijui mtu ni nini wala kitabu ni nini mpaka umwekee ngeli zote.

Teknolojia hiyo iliishia wapi? Kwa wakulima. Mwaka 2008 Wizara ya Kilimo ilizindua huduma ya NAFIS: mkulima anapiga simu, anabonyeza namba, anasikia habari za mazao na mifugo kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa nchi ya mahindi na maziwa kama hii yetu lilikuwa wazo zuri, silidharau. Ila linanichekesha kwa uchungu kidogo. Mashine ilijua kusema Kiswahili kwa niaba ya wizara miaka kadhaa kabla mtu hajafikiria iseme kwa niaba ya mtoto. Na eSpeak, programu huria nyingine, nayo ilikuwa na Kiswahili, ingawa sauti yake ni ya bati. Leo simu nyingi za Android zinaweza kupakua sauti ya Kiswahili inayosikilizika.

Kwa hiyo sauti haikukosekana. Kilichokosekana ni ubao wenyewe, na huwezi kuupata kwa kutafsiri tu. Hapa naomba mnivumilie.

Mbao za Kiingereza zimejengwa juu ya maneno machache yanayotumika kila saa: mimi, taka, zaidi, si, enda, hii. Kwa Kiingereza unagusa vitufe vitatu na sentensi imesimama, kwa sababu maneno ya lugha hiyo hayabadiliki sana yakipangwa. Tafsiri vitufe hivyo kimoja kimoja, na mtoto wako atasema: "Mimi taka maji." Wazee wa Njoro na Naivasha wataitambua lahaja hiyo mara moja. Ni Kisetla! Ndivyo bwana mkubwa alivyoongea na mpishi wake. Miaka sitini baada ya uhuru tunampa mtoto wa Kaptembwo simu inayomfanya aongee kama setla aliyemsumbua babu yake.

Kiswahili hubeba mtu, wakati na tendo ndani ya neno moja, na kukanusha hubadilisha neno zima. Nataka, sitaki. Kitufe cha "si" peke yake hakina kazi, kwa sababu "si" ya Kiingereza kwetu ni sitaki, hapana, hakuna, hayupo, usifanye. Kwenye ubao ninaoutengeneza kila moja ni kitufe chake. Kuna pia "bado", neno dogo ambalo kwa mtoto anayeteseka na kungojea lina thamani ya dhahabu: uji bado, gari bado, sijamaliza bado. Orodha nyingi za kigeni hazina kitu kinachofanana nalo. Na kuna "pole". Mbao za kigeni zina neno la kuomba msamaha na wengi hulitafsiri "samahani", wakaishia hapo. Pole hailetwi na kosa. Unampa aliyejikwaa, aliyetoka kazini, aliyefiwa. Mtoto wa Njoro alipata kitufe cha pole mwezi wa tatu, na sasa anakitumia kila mtu akikohoa. Dada yake anakohoa makusudi.

Umiliki nao una visa vyake. Kiatu changu, simu yangu, gari langu, mtoto wangu. Sikutaka mtoto achague kati ya vitufe vinne kwa jambo ambalo kwake ni moja: hiki ni cha mimi. Anagusa kiatu, anagusa picha ya mkono kifuani, na programu inaangalia ngeli ya kiatu kwenye jedwali na kutamka "kiatu changu". Jedwali lenyewe ni mistari mia nne na kitu. Hakuna akili bandia ndani yake, ni ngeli za darasani tu, zile tulizochapwa kwa ajili yake.

Kazi ya namna hii si mpya Kenya. Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao waliifanya Kilifi na watoto wenye shida kubwa za mawasiliano, ambao wengi hawakuwa wa usonji, na mwaka 2014 wakachapisha walichosema walezi baada ya watoto kufuatwa nyumbani na kusaidiwa kwa njia nyepesi. Gona na wengine wa kituo kilekile cha utafiti walichapisha mwaka 2015 maoni ya wazazi na wataalamu wa pwani kuhusu chanzo cha usonji; mapepo, uchawi na laana vilitajwa pamoja na sababu za kitabibu. Tusiwacheke. Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 madaktari wenye shahada walimlaumu mama kwa ubaridi wake, na Bruno Bettelheim akaandika kitabu kizima mwaka 1967. Laana yao ilikuwa na jalada gumu, basi.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hamsomi vizuri asiye nao, na asiye nao hamsomi vizuri mwenye nao, ila ni mmoja tu anayeandikwa mgonjwa. Wazo likapimwa Edinburgh. Catherine Crompton na wenzake walipanga watu kwenye mnyororo wapitishiane hadithi, na mwaka 2020 wakaripoti kwamba mnyororo wa wenye usonji watupu ulihifadhi hadithi sawa na wa wasio nao. Uliopoteza zaidi ni wa mchanganyiko. Mwaka 2025 wakarudia na watu 311, na safari hii minyororo yote ikalingana, hata ya mchanganyiko. Kwa hiyo swali la mchanganyiko linabaki wazi. Kilichosimama mara zote mbili ni kwamba wenye usonji hawakuwa wapitishaji habari wabovu wao kwa wao.

Wasomaji wanaopenda sheria, fungueni Katiba ya 2010. Ibara ya 7 inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, lugha ya ishara, breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Hayo yote yamo kwenye sentensi moja. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kuwasiliana na ikahesabu watu kama 111,000 nchi nzima wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Sijaona mahali Katiba ilipoandika kwamba njia hiyo lazima iwe Kiingereza.

Ubao ulipo sasa unafanya kazi bila intaneti, kwenye simu ya gigabaiti 1 ya kumbukumbu, hata yenye kioo kilichopasuka, mradi pembe ya chini kushoto inasikia kidole, kwa sababu hapo ndipo nimeweka "sitaki". Sauti ya Kiswahili inatoka kwenye simu yenyewe. Kikuyu simu ile haina, kwa hiyo nimeweka nafasi ya mtu kurekodi kila kitufe kwa sauti yake. Yule nyanya wa Bahati aliyeambiwa anyamaze alirekodi 64 kwa jioni moja, amekaa jikoni, kuku wanasikika nyuma kwenye karibu nusu ya faili. Mjukuu wake anagusa "cai" na sauti inayotoka ni ya nyanya mwenyewe, na nyanya anaijibu. Nilijaribu kuwaondoa kuku kwa programu ya kusafisha sauti, mtoto akakataa kugusa vitufe vilivyosafishwa, basi kuku wamebaki. Faili zote hazifiki megabaiti 3. Za Kikalenjin bado. Mama wa Njoro anasema dada yake ana sauti nzuri, na atakuja Jumamosi ya soko.